Kilomita ileile, gharama tofauti: uzito wa mwili unavyobadili kazi ya mazoezi

Wanawake wawili wenye urefu mmoja, sentimita 165, wanatembea kwenda mnadani kwa mwendo mmoja. Mmoja ana kilo 60, mwenzake ana kilo 85. Baada ya nusu saa, wa kwanza bado anapiga soga. Wa pili anahema na jasho linamtiririka. Wapo watakaosema huyu wa pili ni mvivu. Si kweli. Katika nusu saa ile, yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi.

Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, na jinsi kila mtu anavyoweza kufanya mazoezi yanayoufaa mwili wake. Ni jambo linalotuhusu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Na uzito uliozidi huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la juu la damu.

Mwili hutumia nini

Tukitembea haraka, tukiendesha baiskeli au tukilima kwa jembe la mkono, misuli huhitaji nishati. Huipata kwa kuchoma sukari na mafuta kwa kutumia hewa tunayovuta. Ndiyo maana pumzi huongezeka na moyo hudunda haraka. Kazi hii yote ya mwili kubadili chakula kuwa nishati wataalamu huiita umetaboli.

Kwa mwendo wa polepole, sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta. Kasi ikizidi na pumzi ikianza kubana, misuli huegemea zaidi sukari, kwa sababu huchomeka upesi. Mtu mzito ambaye hajazoea mazoezi hufika kwenye hatua hiyo mapema, hata kama mwenzake mwepesi anayetembea naye hajafika.

Hesabu ya safari ya saa moja

Tofauti ya wanawake wale wawili ni kilo 25. Huo ni uzito unaozidi ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Ni kama yule wa pili anatembea na ndoo ambayo hawezi kuitua.

Kwa makadirio, mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa hutumia kilokalori 3.5 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo 60 atatumia kama 210 kwa saa. Mwenye kilo 85 atatumia kama 300. Wakikimbia, kila kilomita itagharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo: 60 kwa mmoja, 85 kwa mwingine.

Baiskeli ina hesabu yake. Kwenye barabara tambarare, kama nyingi za Shinyanga, kiti ndicho kinachobeba mwili, hivyo tofauti kati ya mzito na mwepesi hupungua, na magoti hupumzika. Kwa mtu mwenye kilo nyingi au anayeumwa magoti, baiskeli ni mwanzo mzuri kuliko kukimbia. Lakini kwenye vilima vya Geita uzito hurudi kudai haki yake, kwa sababu kila kilo lazima ipandishwe juu. Vivyo hivyo kwa kijana wa baiskeli ya daladala: abiria anayempakia ni uzito wake pia mpaka atakapomshusha.

Mbona mizani haishuki haraka?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kama mwili mzito unatumia nishati nyingi, mbona haupungui upesi?

Sababu ya kwanza ni chakula. Soda mbili za mililita 350 zina karibu kilokalori 300. Mwenye kilo 85 akitembea saa moja kisha akanywa soda hizo mbili, amerudisha karibu yote aliyoyatumia.

Sababu ya pili ni kwamba uzito ukipungua, gharama ya kila kilomita nayo hupungua. Safari iliyotumia 300 mwanzoni haitatumia 300 baada ya kupungua kilo 10.

Sababu ya tatu ni kwamba mwili hujua kubana matumizi. Ushahidi mmoja mashuhuri wa jambo hili umetoka hapa Tanzania. Mwaka 2012, mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya kwa Wahadza, wawindaji na wachuma matunda wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, mashariki mwa Shinyanga. Waliwanywesha maji maalumu yaliyowekewa alama, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa ili kujua nishati yote waliyotumia kwa siku. Wanaume wale walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku nzima haikuzidi ile ya Wamarekani na Wazungu wasiotembea hivyo.

Maana yake ni kwamba mwili uliozoea kazi hupunguza matumizi kwingine. Mazoezi husaidia sana afya, lakini kupunguza uzito kunahitaji pia kubadili kinachoingia sahanini na kwenye glasi.

Faida zinazotangulia mizani

Wakati wa mazoezi, misuli huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapofanya kazi kwa udhaifu, kama inavyokuwa kwa watu wengi wenye mafuta mengi tumboni. Baada ya mazoezi, insulini hufanya kazi vizuri zaidi kwa siku moja hadi mbili. Kwa hiyo ni vizuri usipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya mazoezi. Shinikizo la damu nalo huweza kushuka kabla kilo hazijapungua. Usihukumu mazoezi yako kwa mizani peke yake.

Mwembamba naye asijisahau

Wembamba si cheti cha afya. Mtu mwembamba anaweza kuwa na kisukari au shinikizo la damu. Na anayebeba mawe ya dhahabu kutwa kutoka kwenye duara huku akila kidogo, mwili wake huanza kula misuli yake wenyewe. Huyo anahitaji chakula cha kutosha na mapumziko kabla ya kuongeza mazoezi mengine.

Kukonda bila kukusudia ni dalili ya kuchunguzwa. Kwenye maeneo ya migodi, vumbi la mawe huongeza hatari ya kifua kikuu. Ukipungua uzito bila sababu, ukikohoa wiki mbili au zaidi, au ukitoka jasho usiku, nenda kituo cha afya ukapimwe. Kukonda pamoja na kiu kali na kukojoa mara kwa mara kunaweza kuwa kisukari.

Pima kwa pumzi, si kwa jirani

Kwa kuwa kilomita moja haina gharama moja kwa watu wote, kipimo chako ni pumzi yako:

- Ukiweza kuimba, mwendo ni mdogo. Ongeza kidogo.
- Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hapo ndipo pazuri.
- Ukishindwa kumaliza sentensi fupi, punguza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha kufikia 150, na unaweza kuanza na 10 ukaongeza taratibu. Kulima, kuteka maji kwa miguu na baiskeli ya kwenda kazini vyote vinahesabiwa. Anayeshinda ameketi, awe dereva wa lori la mgodini au muuza duka, inabidi atenge muda wake.

Mwili mzito huzalisha joto jingi na hupoa polepole. Kwa jua letu, toka asubuhi au jioni, na unywe maji.

Nani aanzie kwa mganga

Wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo lisilodhibitiwa au vidonda vya miguu vya kisukari waonane kwanza na mhudumu wa afya. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari atembee na sukari au pipi mfukoni, kwa sababu mazoezi yanaweza kushusha sukari ghafla. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, asimame na ale sukari mara moja.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi hata baada ya kupumzika si uchovu wa kawaida. Acha mazoezi na uwahi kituo cha afya siku hiyohiyo.