Mama wa Kambo Aliyeunganisha Nyumba Mbili

  Ninyi mlio katika vikundi, kila mtu na awe na daftari na kalamu. Na wewe unayelisoma somo hili kwenye karatasi kwa sababu hukulisikia kwenye radio, soma polepole, na ukifika kwenye mwaka wowote, uandike pembeni. Historia bila miaka ni kama shamba bila mipaka.

Leo hatutasoma habari za vita wala za wafalme. Tutasoma habari za nyumba moja ya magogo, na za mwanamke aliyeingia ndani yake akiwa mjane mwenye watoto wake, akawakuta humo watoto wa mwanamke mwingine.

Katika hadithi nyingi tulizosimuliwa utotoni, mama wa kambo ni mtu mbaya. Humnyima mtoto wa mwenziwe chakula, humtuma kuteka maji usiku, na minofu humfichia mwanawe. Hadithi hizo zina sababu, kwa maana mambo kama hayo yametokea na yanatokea. Lakini yako mengine pia yaliyotokea, na moja ni hili. Andikeni jina la mwanamke huyu: Sarah Bush.

MJANE WA ELIZABETHTOWN

Sarah Bush alizaliwa mwaka wa 1788 katika nchi ya Kentucky, huko Marekani. Mwaka wa 1806 aliolewa na Daniel Johnston, wakapata watoto watatu: wasichana wawili, Elizabeth na Matilda, na mvulana mmoja, John. Daniel alikuwa mtu wa madeni. Alipata kazi ya kusimamia gereza la wilaya katika mji mdogo wa Elizabethtown, lakini mwaka wa 1816 alifariki, akamwachia mkewe watoto watatu na madeni.

Fikiri, msikilizaji, hali ya mwanamke huyo. Kwa sheria za huko siku hizo, mali ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa chini ya mamlaka ya mumewe. Mume akiishi kwa madeni, mke aliishi kwa madeni. Mume akifa, mjane alibaki na wadai mlangoni. Bibi Sarah alikaa hivyo miaka mitatu, akilea wanawe peke yake.

NYUMBA ISIYOKUWA NA MAMA

Sasa tuiache Elizabethtown kidogo, twende kwenye nyumba ya pili. Mwaka uleule wa 1806, katika nchi ileile ya Kentucky, seremala mmoja aliyeitwa Thomas Lincoln alimwoa Nancy Hanks. Walipata binti, naye pia jina lake Sarah, mwaka wa 1807, na mvulana, Abraham, mwaka wa 1809. Mwishoni mwa 1816 Thomas aliihamisha jamaa yake, wakavuka mto Ohio na kuingia Indiana, mahali paitwapo Little Pigeon Creek. Huko Kentucky hati za ardhi zilikuwa na magomvi yasiyokwisha, na tena palikuwa na utumwa. Indiana serikali ilikuwa inauza ardhi iliyokwisha kupimwa.

Walowezi waliiita nchi ile pori. Tusisahau kwamba pori hilo lilikuwa na wenyewe. Wadelaware na Wapiankashaw walikuwa wametolewa haki yao juu ya ardhi hiyo kwa mikataba ya mwaka wa 1804. Kila tunaposoma habari za mlowezi aliyefyeka msitu, tuulize pia ni nani aliyekuwa akiwinda humo kabla yake.

Mwaka wa 1818 ugonjwa ukaingia. Watu waliuita ugonjwa wa maziwa. Ng'ombe walikula mmea fulani wa msituni wenye sumu, sumu ikapita katika maziwa, na mtu aliyeyanywa alitapika, akadhoofika, na mara nyingi akafa. Siku hizo hakuna aliyejua sababu yake kwa hakika. Wataalamu waliithibitisha baada ya miaka mia moja na zaidi. Tarehe 5 Oktoba 1818 Nancy alifariki. Kabla yake walikuwa wamekufa shangazi yake na mume wa shangazi, waliokuwa wakimlea kijana mmoja wa ukoo wao, Dennis Hanks. Dennis akahamia kwa Thomas.

Basi ikawa nyumba ya mwanamume, kijana, na watoto wawili wadogo. Binti Sarah, mwenye umri wa miaka 11 tu, ndiye aliyepika. Nyumba haikuwa na sakafu ya mbao. Nguo zilichakaa, wala hapakuwa na wa kuzishona. Ulipita mwaka mzima hivyo.

SAFARI YA DESEMBA 1819

Thomas alifunga safari kurudi Elizabethtown. Alikuwa akimfahamu Bibi Sarah tangu zamani, na alijua kwamba ni mjane. Hakuja na maneno mengi. Yeye alikuwa hana mke, na Bibi Sarah alikuwa hana mume. Bibi Sarah alijibu kwamba hawezi kuondoka kabla ya kulipa madeni yake. Thomas akayalipa, na tarehe 2 Desemba 1819 wakafunga ndoa.

Vyombo vya bibi arusi vilipakiwa juu ya gari la kukokotwa na farasi wanne: kabati zuri la mbao, meza, viti, matandiko, visu na uma, na vyombo vya kupikia. Wakavuka Ohio wakati wa baridi, pamoja na watoto wake watatu.

Hesabuni sasa, wasikilizaji, watu waliolala chini ya paa moja usiku ule walipofika. Thomas na Bibi Sarah, wawili. Watoto wa marehemu Nancy, wawili. Watoto wa marehemu Daniel Johnston, watatu. Na Dennis Hanks. Jumla ni watu wanane, wenye majina ya koo tatu, katika nyumba ya chumba kimoja chenye dari ya kulala vijana juu yake.

Bibi Sarah alianzaje? Alianza na maji ya moto na sabuni. Dennis Hanks alieleza baadaye kwamba aliwaogesha watoto wale wa Lincoln, akawasugua, akawavika nguo safi, mpaka wakarudi kuonekana watu. Kisha akamgeukia mumewe seremala: nyumba itiwe sakafu, iwe na mlango na madirisha ya kufaa. Na matandiko aliyokuja nayo hakuwawekea wanawe peke yao. Watoto wa Nancy, waliokuwa wakilala juu ya maganda makavu ya mahindi, walilala penye joto kama wengine.

Angalieni jambo hili kwa makini. Mtoto wa kambo hapimi upendo kwa maneno. Huupima kwa sahani, kwa blanketi, na kwa zamu za kazi. Wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Bibi Sarah hakuwabeba tumboni watoto wale wawili, lakini kazi yenyewe aliifanya.

MTOTO NA VITABU

Abraham alikuwa na miaka 10 mama huyu alipofika. Alipenda kusoma, na katika nchi ya mashamba mapya watu wengi walimwona mtoto wa namna hiyo kuwa mvivu. Bibi Sarah mwenyewe hakuwa na elimu. Katika hati alitia alama mahali pa jina. Hata hivyo alisimama upande wa mtoto. Alieleza kwamba Thomas naye alikubali mtoto asome, na kwamba kijana alipokosa karatasi aliandika maneno juu ya ubao, akayatunza hapo mpaka apate karatasi, ndipo akayanakili. Shule aliyokwenda Abraham maishani mwake, ukijumlisha siku zote, haikutimia mwaka mmoja. Mengine yote aliyapata kwa vitabu vya kuazima, katika nyumba ambayo mama asiyejua kuandika alimpa nafasi.

Wakati huo nyumba iliendelea kuchanganyika. Mwaka wa 1821 Dennis alimwoa Elizabeth, binti wa Bibi Sarah. Mwaka wa 1826 Matilda aliolewa, na Sarah binti Thomas pia aliolewa. Huyu Sarah alifariki kwa uzazi mwaka wa 1828. Mwaka wa 1830 ukoo wote, watu 13, walihamia Illinois. Mwaka uliofuata Abraham, sasa kijana wa miaka 22, akaenda kujitafutia maisha. Mkijiuliza alifika wapi, yeye ndiye Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa wakili, na mwaka wa 1861 akawa Rais wa Marekani.

SHAMBA LA EKARI 40

Tusije tukadhani kwamba nyumba hii haikuwa na magomvi. Thomas na Abraham hawakuwa karibu. Na Thomas alipofariki, mwezi wa Januari 1851, mwanawe hakwenda kumwaga wala kumzika. John Johnston, mtoto wa kuzaliwa wa Bibi Sarah, hakupenda sana kazi ya shamba. Aliomba fedha kwa Abraham mara kwa mara. Katika barua moja Abraham alikataa kumkopesha dola 80, akampa shauri jingine: kwa kila dola atakayoipata John kwa kazi ya mikono yake, yeye atamwongezea dola moja.

Sasa sikilizeni habari ya shamba. Mwaka wa 1841, Thomas alipokuwa na shida ya fedha, Abraham alinunua kwake ekari 40 kwa dola 200, kwa sharti kwamba wazee wakae juu ya ardhi hiyo maisha yao yote. Baada ya mzee kufa, John alitaka kuuza ardhi na kuhamia Missouri. Ardhi nyingine ya Thomas Abraham alimwachia John, lakini haki ya mama juu yake ikabaki. Sheria ilimpa mjane haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe mpaka afe. Hizo ekari 40 Abraham alikataa katakata zisiuzwe hivi hivi. Katika barua zake za Novemba 1851 alieleza sababu: ikiwa John hatailima, ardhi hiyo inaweza kukodishwa, na kodi yake itamlisha mama. Ikiuzwa, fedha zitaliwa, na mama atabaki mikono mitupu.

Mnaona jinsi mambo yalivyogeuka? Mtoto wa tumbo lake ndiye aliyetaka kuuza. Mtoto wa kambo ndiye aliyelinda. Mwanamke aliyepata kuwa mjane wa madeni mwaka wa 1816 hakuachwa bila mahali mara ya pili. Alichopanda katika nyumba ya magogo, wakati wa baridi ya 1819, alikivuna katika uzee wake.

Tarehe 31 Januari 1861, kabla ya kwenda Washington kushika urais, Abraham alisafiri kwenda kumwaga. Baadaye Bibi Sarah alieleza kwamba hakutaka mwanawe achaguliwe, kwa sababu moyo wake ulimwambia atapatwa na jambo. Hawakuonana tena. Abraham Lincoln alipigwa risasi mwezi wa Aprili 1865, akafa. Bibi Sarah alifariki mwaka wa 1869, mwenye miaka 80, katika nyumba iliyosimama juu ya zile ekari 40.

TUNAJUAJE HABARI HIZI?

Hili ni swali ambalo kila mwanafunzi wa historia hana budi kuliuliza. Habari hizi zina asili mbili. Kwanza maandishi: hati ya ndoa, hati za ardhi, na barua. Pili masimulizi ya wazee. Dennis Hanks alisimulia mengi, lakini alipenda kutia chumvi, kwa hiyo maneno yake hupimwa kwa maneno ya wengine. Bibi Sarah mwenyewe aliulizwa mara moja tu kwa kirefu. Mwezi wa Septemba 1865 William Herndon, wakili aliyekuwa mshirika wa Lincoln katika kazi, alikwenda nyumbani kwake, akaketi naye, akaandika. Mama mzee alisema kwamba alikuwa na mtoto wake John aliyelelewa pamoja na Abraham, na wote wawili walikuwa watoto wema; lakini kwa kuwa wote wamekufa, lazima aseme kweli kwamba Abraham alikuwa bora kuliko watoto wote aliopata kuwaona.

Lau Herndon angalichelewa miaka minne, maneno hayo yangalizikwa pamoja naye. Katika nyumba zetu pia wamo akina mama waliolea watoto wa kufikia, au walioingia nyumba za wenzao na kuzisimamisha. Majina yao hayamo katika vitabu. Usingoje mtu wa mbali aje kuwauliza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Bibi Sarah alifanya mambo gani katika siku zake za kwanza Little Pigeon Creek? Lipi lilikuwa kubwa zaidi machoni pa watoto?

2. Kwa nini Abraham alizuia kuuzwa kwa ekari 40? Je, mlinganisho kati yake na John ni wa haki?

3. Mjane wa kwenu leo ana haki gani juu ya shamba la marehemu mumewe? Ulizeni mtu ajuaye sheria, mlete jibu.

KAZI YA NYUMBANI. Kabla ya somo lijalo, kaa na mzee mmoja wa ukoo wako. Mwulize: nani walilelewa katika nyumba aliyokulia, na kila mmoja alikuwa mtoto wa nani? Andika majina, na miaka ikiwa anaikumbuka. Msomee ulichoandika, asahihishe. Asiyejua kuandika na amwombe mwenziwe.

Mpaka somo lijalo, kwaherini.