Rumba-Kali: Tovuti ya Uholanzi iliyotunza utoto wa rap ya Kiswahili

Na Mwandishi Wetu, Namswea

KIJANA wa kata ya Namswea, katika wilaya ya Mbinga inayosifika kwa kahawa, hahitaji tena kusubiri basi la kutoka Songea limletee kanda ya msanii wa Dar es Salaam. Mtandao ukiwa na nguvu, wimbo anausikiliza katika simu yake siku ileile unapotolewa. Kazi huanza pale anapotaka kujua mambo ya nyuma: Kwanza Unit walikuwa akina nani, walianza lini, na kwa nini kaka zake huwataja kwa heshima kubwa.

Magazeti ya wakati ule yamo katika makabati ya maktaba za mjini, na vipindi vya redio vilipita na hewa. Miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo habari hizo ziliandikwa katika intaneti, zikawekwa mtu yeyote azisome, ni tovuti iliyoanzishwa mwaka 1997, si Dar es Salaam wala Arusha, bali Uholanzi. Iliitwa Rumba-Kali. Baadaye ilijulikana duniani kwa jina la Africanhiphop.com.

Mwanzilishi wake ni Thomas Gesthuizen, Mholanzi aliyejiita Juma4, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hulitambua mara moja kuwa ni Jumanne. Hakuwa na kampuni kubwa ya habari nyuma yake. Alikuwa mpenzi wa muziki aliyeona kwamba vijana wa Afrika wanafoka kwa lugha zao, na kwamba nje ya miji yao hakuna anayejua.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio kuu ya kusikilizwa nchini ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na muziki wake ulikuwa wa bendi, taarab, kwaya na ngoma. Rap iliingia kwa kanda za video na kwa vijana waliokuwa na ndugu ughaibuni. Saleh Ajabry, maarufu kwa jina la Saleh J, alitoa mwaka 1991 kanda iliyoitwa Swahili Rap, akitia maneno ya Kiswahili katika midundo ya Marekani. Mwaka 1993 vijana wa makundi kadhaa ya Dar es Salaam waliungana kuunda Kwanza Unit. Mwaka huohuo sheria ya utangazaji ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kurusha matangazo.

Hapo ndipo mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One alipopata nafasi ya kupiga nyimbo za vijana hao. Yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwasisi wa neno "Bongo Flava", katikati ya muongo huo. Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kama Mr II na baadaye Sugu, alitoa albamu ya Ndani ya Bongo mwaka 1996. Miaka 14 baadaye wapiga kura wa Mbeya Mjini walimpeleka bungeni.

Pamoja na hayo yote, msanii wa wakati ule alikuwa na njia mbili tu za kufika kwa watu: redio, na wasambazaji wa kanda wa Kariakoo. Magazeti yaliwaandika kwa nadra, na walipoandikwa, mara nyingi ilikuwa ni kuwaita wahuni. Rumba-Kali iliwaandika kama wanamuziki. Ilieleza kundi lina nani, limetoka mtaa gani, limerekodi kwa mtayarishaji yupi na linaimba kuhusu nini. Iliweka picha na vipande vya sauti. Msanii wa Dar es Salaam aliwekwa katika orodha moja na wenzake wa Dakar na Cape Town, na mtu wa Senegal aliweza kusoma kwamba kuna watu wanaofoka kwa Kiswahili.

Msomaji wa leo anaweza kudhani kwamba hilo lilikuwa jambo rahisi. Halikuwa rahisi. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa mfumo wa MP3, kwa kiwango cha kawaida cha wakati ule, una ukubwa wa takriban megabaiti nne. Kwa modemu ya kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, tena simu ya mezani isikatike hata mara moja, wimbo huo ungechukua dakika tisa au zaidi kupakuliwa. Tanzania ilikuwa ikitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nje, na gharama yake ilikuwa kubwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo, kuiweka tovuti ya muziki katika seva ya Ulaya ilikuwa karibu lazima, hata kama mwenyewe angekuwa Mtanzania.

Kwa sababu hiyo wasomaji wengi wa mwanzo wa tovuti hiyo walikuwa nje ya Afrika: wanafunzi wa Kitanzania na Kikenya walioko Ulaya na Marekani, watangazaji, watafiti, na wapenzi wa muziki waliochoka kuambiwa kwamba muziki wa Afrika ni rumba na ngoma peke yake. Nyumbani ilisomwa katika vibanda vya intaneti vya mijini, ambako mteja alilipia kwa dakika huku akitazama saa ukutani.

Kazi hiyo haikubaki katika kompyuta. Mwaka 1999 ilitoka filamu ya kumbukumbu ya Hali Halisi, iliyotengenezwa na Waholanzi, ikionyesha jinsi rap ilivyokuwa chombo mbadala cha habari kwa vijana wa Tanzania. Mwaka 2000 shirika la uchapishaji la Mkuki na Nyota la Dar es Salaam lilitoa kitabu cha Mashindano!, kilichohaririwa na Frank Gunderson na Gregory Barz. Ndani yake Gesthuizen na Peter Jan Haas waliandika sura kuhusu rap ya Kiswahili. Huenda ni moja kati ya mara chache ambapo vijana wa vijiwe vya Dar es Salaam waliingia katika kitabu cha wanazuoni wakiwa bado wanatafuta fedha za kurekodi.

Mwaka 2004 ulikuwa wa mavuno. Lebo ya Out Here Records ya mjini Munich, Ujerumani, ilitoa mkusanyiko wa Bongo Flava, uliowafikisha wasanii wa Tanzania katika maduka ya Ulaya. Lebo hiyohiyo ilitoa Maasai Hip Hop, albamu ya kundi la X Plastaz la Arusha, lililochanganya kufoka kwa Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai wa Yamat Ole Meipuko. Gesthuizen alikuwa karibu na kundi hilo na alifanya nalo kazi. Katika chumba cha habari cha gazeti mhariri angeuliza kama ni sawa mtu kuandika habari za muziki na wakati huohuo kushughulikia mambo ya wanamuziki. Katika tovuti ya kujitegemea swali hilo halikuwa na wa kuliuliza, na ni haki kusema kwamba bila mchanganyiko huo huenda X Plastaz wasingevuka mpaka wa Namanga. Mmoja wa viongozi wao, Faza Nelly, aliuawa Arusha mwaka 2006. Mwenzake Gsan alionekana mwaka 2009 akifoka kwa Kiswahili katika hafla ya tuzo za hip hop za kituo cha BET cha Marekani.

Kulikuwa na mapungufu mengine. Lugha kuu ya tovuti ilikuwa Kiingereza, hivyo shabiki wa Mbinga au Mbamba Bay aliyeuelewa wimbo mstari kwa mstari hakuweza kuisoma habari ya aliyeuimba. Na tovuti ilipenda hip hop. Bongo Flava ilipogeukia uimbaji wa mapenzi na midundo ya kuchezeka katika miaka ya 2000, sehemu kubwa ya muziki uliopendwa zaidi nchini ilikuwa nje ya lengo lake. Hilo si kosa. Kila chapisho huchagua. Lakini anayeisoma leo kama historia ya muziki wa Tanzania anapaswa kukumbuka kwamba anasoma historia ya tawi moja.

Uhuru wa machapisho ya namna hii umekuwa na bei yake kila mahali. Nchini Marekani, kijana wa duka la santuri wa Minneapolis aitwaye Ryan Schreiber alianzisha Pitchfork katikati ya miaka ya 1990, akiwa nyumbani kwa wazazi wake. Ilikua hadi alama zake kwa albamu zikawa zinaogopwa na kampuni za muziki. Mwaka 2015 ilinunuliwa na Condé Nast, na Januari 2024 wamiliki hao walitangaza kuiunganisha na jarida la wanaume la GQ, huku wafanyakazi wakipunguzwa. Ilikuwa na wasomaji mamilioni, lakini mwisho wake uliamuliwa katika ofisi ya mtu mwingine.

Hapa nchini mtihani ulikuja kwa njia nyingine. Katika miaka ya 2000 zilijitokeza tovuti za nyumbani, miongoni mwao Darhotwire na baadaye Bongo5, zilizoandika habari za wasanii kwa lugha ya mashabiki wao na kwa kasi ambayo mtu wa Uholanzi asingeweza kuifikia. Kisha, Machi 2018, Serikali ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka kila mwenye kuchapisha mtandaoni kujisajili katika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ada ya maombi ilikuwa Sh100,000, leseni ya kwanza Sh1,000,000, na ada ya kila mwaka Sh1,000,000. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua Sh5,000,000, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kanuni mpya zilitolewa mwaka 2020 na marekebisho yakafuata, lakini kwa mtu mmoja anayeandika habari za muziki baada ya saa za kazi, bila matangazo ya biashara, hesabu ya mwaka 2018 ilikuwa nzito. Tovuti kama Rumba-Kali ya mwaka 1997, kama ingeanzishwa Dar es Salaam mwaka 2018, ingehitaji zaidi ya Sh2,000,000 kabla ya kuweka picha ya kwanza.

Wakati huo wasomaji walikuwa wamekwisha kuhamia kwingine. Facebook, YouTube na Instagram ziliwapa wasanii njia ya kusema wenyewe, bila mwandishi katikati. Faida yake inaonekana. Hasara yake ilionekana Machi 2019, pale MySpace ilipokiri kwamba ilikuwa imepoteza nyimbo zilizopakiwa humo katika miaka yake 12 ya mwanzo, zinazokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50, wakati wa kuhamisha seva. MySpace ilikuwa jalada la wanamuziki wadogo wa dunia nzima wa miaka ya 2000, wale ambao hawakuwa na lebo ya kuwatunzia kazi zao.

Kinachobaki cha tovuti nyingi za wakati ule ni nakala zilizochukuliwa na Internet Archive, taasisi ya San Francisco iliyoanzishwa mwaka 1996 kuhifadhi kurasa za mtandao. Nakala hizo zina maandishi, lakini picha hukosekana mara kwa mara na sauti zaidi ya hapo. Mtu anaweza kusoma kwamba wimbo fulani ulikuwepo, akabofya, na asisikie kitu.

Na hao ni wafokaji, waliobahatika kuwa na mtu wa kuwaandika. Ukishuka kutoka milima ya Umatengo hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, hali ni tofauti. Huko kuna mganda, ngoma ya wanaume wanaopanga mistari kama askari, ambayo chimbuko lake ni beni ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni. Kuna pia kioda, ya wanawake. Vikundi vyake vina watunzi, mashindano na nyimbo zinazotaja matukio ya mwaka husika, na hizo ndizo habari ambazo Rumba-Kali ilizikusanya kwa makundi ya Dar es Salaam.

Huko pia ndiko alikotoka Kapteni John Komba, mzaliwa wa Lituhi, aliyeongoza Tanzania One Theatre na kuwa Mbunge wa Mbinga Magharibi. Watu wazima wengi wa Tanzania wanakumbuka sauti yake katika maombolezo ya Mwalimu Julius Nyerere, Oktoba 1999. Alifariki dunia Februari 28, 2015, akazikwa Lituhi. Kazi zake zinapatikana katika YouTube kwa vipande, zikiwa zimewekwa na wasikilizaji, nyingi bila mwaka wa kurekodiwa wala majina ya waliopiga vyombo. Waliopiga vyombo hivyo katika miaka ya 1990 sasa ni watu wa umri mkubwa, na majina hayo bado yanaweza kuulizwa kwao wenyewe.