Ukilota zahabu: vitabu vya Kiislamu vinasema nini?

Hapa Kalemie, hili ulizo linarudi kila mara: "Shehe, usiku nililota zahabu mu mukono. Ni feza inakuja ao ni nini?" Wenye kuuliza ni wa kila namna. Kuko mama anayeuza ndagala sokoni, kijana anayetoka karieri, mwanafunzi anayengojea matokeo ya mtihani. Wengi wanataka kusikia jibu moja tu: utajiri uko njiani. Lakini vitabu vya Kiislamu vya tafsiri ya ndoto vinajibu vingine, na kwa mwanaume jibu lao ni karibu kinyume kabisa.

Si jambo la kuongea tu jioni na kulisahau. Kwetu mashariki zahabu si hadithi ya mbali. Iko Misisi kule Fizi, iko Kamituga, iko Namoya kule Maniema, na vijana wa Tanganyika wanaenda kuitafuta. Mtu anaweza kuamka asubuhi, akauza pikipiki yake ao akaingia deni la kufungua shimo, juu tu alilota zahabu. Ndiyo maana inafaa kujua vitabu vinasema nini kweli, na vinaishia wapi.

Ndoto ni za aina tatu

Kabla ya kufika kwa zahabu, tuanze na msingi. Katika hadithi za Mtume Muhammad zilizokusanywa na Bukhari na Muslim, ndoto zimegawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ndoto njema, ambayo ni habari ya furaha kutoka kwa Mungu. La pili ni ndoto ya kuhuzunisha ao kutisha, inayotoka kwa shetani. La tatu ni mambo ya mtu mwenyewe, yale aliyoshinda nayo kichwani muchana yakamrudilia usiku.

Hili fungu la tatu ndilo wengi wanalisahau. Mchimbaji anayeshinda siku nzima akiosha muchanga na kutazama kama kuko kitu kinang'aa, akilota zahabu usiku, hakuna ajabu. Ni kazi yake imemfuata kitandani. Ndoto ya namna hiyo haihitaji tafsiri.

Jina lake ni kuondoka, rangi yake ni ugonjwa

Neno letu zahabu, ao dhahabu kwa Kiswahili sanifu, limetoka kwa Kiarabu: dhahab. Na kwa Kiarabu hicho hicho, dhahaba ni "ameenda, ameondoka". Wafasiri wa zamani walisikia maneno hayo mawili pamoja. Kwao, mwenye kulota zahabu analota kitu chenye kuenda: mali yenye kutoka, mtu mwenye kuondoka, nafasi yenye kupotea. Sisi tunaosema Kiswahili tumechukua jina la kitu na kuliacha lile la kuondoka, kwa hiyo hatusikii huo uhusiano.

Sababu ya pili ni rangi. Zahabu ni ya manjano, na wafasiri waliona manjano kama rangi ya ugonjwa na wasiwasi. Hiyo hata sisi tunaielewa: mtu akigeuka macho ya manjano, jamaa hawachelewi kumpeleka kwa munganga.

Kwa sababu hizo mbili, vitabu vingi vinasema mwanaume aliyelota amepata zahabu ajiangalie na huzuni, hasara ao deni. Feza, ile madini nyeupe, wanaiona kuwa afadhali.

Bangili mbili zilizoruka

Kuko pia mfano wenye nguvu kuliko maneno ya kitabu, juu ni ndoto ya Mtume mwenyewe. Imepokelewa katika Bukhari na Muslim kwamba alilota amevaa bangili mbili za zahabu mikononi. Zilimhuzunisha. Katika ndoto hiyo hiyo akaambiwa azipulize. Akapuliza, zikaruka na kutoweka.

Alizifasiri kuwa waongo wawili watakaojitokeza na kudai utume. Mmoja alikuwa al-Aswad al-Ansi wa Sanaa kule Yemen, mwingine Musaylima wa Yamama. Al-Aswad aliuawa mwaka 632, na Musaylima aliuawa muda mfupi baadaye katika vita vya Yamama.

Wanazuoni wameeleza hivi: bangili ya zahabu si pambo la mwanaume. Kitu kikionekana pahali pasipo pake, ni alama ya uongo. Na kama kilienda kwa pumzi tu, basi mambo ya wale wawili hayakuwa na uzito.

Nani amelota, na amelota nini?

Vitabu havitoi jibu moja kwa watu wote. Vinaangalia kwanza kama mwenye kulota ni mwanaume ao mwanamke, halafu zahabu ilikuwa ya namna gani.

Kwa mwanamke, vyombo vya zahabu ni pambo lake hata muchana, na Uislamu unamruhusu kuvivaa. Kwa hiyo mukufu, bangili ao herini katika ndoto ni furaha: ndoa, watoto, heshima nyumbani. Pambo likimpotea ao likivunjika, wafasiri wanaona shida kwa mtu wake wa karibu.

Kwa mwanaume, sheria inamkataza kuvaa zahabu, na ndoto inafuata njia hiyo. Bangili ni dhiki. Kikuku cha mguuni ni hofu ao kufungwa. Mukufu wa shingoni uko tofauti kidogo: unaweza kuwa cheo ao amana aliyobebeshwa, kitu cha kuheshimiwa lakini chenye uzito.

Zahabu ambayo haijafanywa kitu, yaani kipande kitupu, inahesabiwa mbaya zaidi kuliko iliyotengenezwa. Kuyeyusha zahabu ni kuingia katika ugomvi na kusemwa na watu. Nyumba yote kugeuka zahabu ni hatari ya moto. Macho kugeuka zahabu ni kuogopea kuona kwake, na mikono kugeuka zahabu ni kuogopea mikono yenyewe, juu kiungo kilichogeuka madini hakifanyi kazi tena.

Dinari, ile pesa ya zahabu ya zamani, ina maana zake. Dinari tano zimefasiriwa kuwa swala tano za kila siku. Kwa tafsiri hiyo, aliyepoteza moja ajiulize ni swala gani anaiacha.

Si kila zahabu ni hasara

Usiishie hapo ukaogopa. Bukhari amepokea pia kwamba Mtume alilota ameingia peponi akaona jumba la zahabu. Akauliza ni la nani, akajibiwa ni la mtu wa Kureshi. Mtu huyo alikuwa Umar bin al-Khattab, na ndoto hiyo ilikuwa sifa kubwa kwake. Kurani nayo, katika Sura al-Hajj, inaeleza kwamba watu wa peponi watavikwa bangili za zahabu.

Zahabu ile ile, basi, mikononi mwa mtu duniani ni huzuni, na peponi ni zawadi.

Kuko kisa kinachosimuliwa sana juu ya Ibn Sirin. Watu wawili walimwendea, kila mmoja akasema amelota anaadhini. Mmoja alimwambia ataenda kuhiji, mwingine akamwambia ataiba na atakamatwa. Alipoulizwa, akasema aliwaangalia hali zao: wa kwanza aliona kwake alama za wema, wa pili hakuziona. Ndoto ilikuwa moja, watu walikuwa wawili.

Ibn Sirin ni nani?

Jina lake liko kwenye video nyingi zinazotembea katika telefone. Muhammad bin Sirin alikuwa mwanazuoni wa Basra, Irak, na alikufa karibu mwaka 729. Alijulikana kwa uchaji wake na kwa kufasiri ndoto. Lakini kile kitabu kikubwa kinachouzwa kwa jina lake hakukiandika yeye. Kilikusanywa miaka mamia baada ya kifo chake, na ndani yake kuko maneno ya watu wengi.

Kitabu cha zamani zaidi tulicho nacho katika elimu hii kwa Waislamu ni cha Ibn Qutayba, aliyekufa mwaka 889. Kingine kinachosomwa sana ni cha Abd al-Ghani al-Nabulsi wa Damascus, aliyeishi kutoka 1641 mpaka 1731. Yeye alipanga vitu kwa herufi kama kamusi, na ndiyo sababu ni rahisi kukikatakata na kukisambaza vipande vipande.

Kwetu, Uislamu ulifika kwa njia ya misafara. Ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa mpaka Mtowa, karibu na Kalemie ya leo, halafu ikaendelea kuelekea Kasongo. Maneno ya dini yalikuja kwa njia hiyo, na neno dhahabu ni la ukoo huo huo.

Ndoto na shimo

Sasa turudi kwa yule kijana wa karieri. Amelota zahabu, anataka kuweka feza yote ya jamaa katika shimo. Akifuata vitabu kwa kweli, ndoto yake inamwambia asimame kwanza, juu kwa mwanaume zahabu ni kitu chenye kuondoka. Mwenye kumwambia "hii ni bahati, chimba" hakusoma vitabu hivyo, ao alisoma akaficha.

Lakini hata tafsiri hiyo isichukuliwe kuwa amri. Ndoto ya mtu wa kawaida si wahyi, na haihalalishi wala kuharamisha kitu. Swala ya istihara nayo, tunayoifanya tukitaka uongozi wa Mungu katika jambo, ni rakaa mbili na dua. Hadithi iliyoifundisha haisemi kwamba jibu litakuja kwa ndoto. Mtu anaswali, anauliza wenye kujua, halafu anaona kama njia inafunguka ao inafungwa.

Na wenye kujua shimo ni wale wanaojua udongo na mvua. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua kubwa ilijaza mashimo ya zahabu na wachimbaji wengi wakafia chini. Kama udongo umelowa, usishuke, hata kama usiku ulilota mulima wote unang'aa.

Ujihadhari pia na mwenye kudai feza ili akufasirie, ao mwenye kusema amekulotea wewe zahabu na sasa anataka "kitu kidogo". Kusema uongo juu ya ndoto ni zambi kubwa. Katika Bukhari, mwenye kufanya hivyo ameonywa kwamba siku ya kiyama ataambiwa afunge fundo punje mbili za shayiri, na hataweza.

Ukiamka, ufanye nini?

Kama ndoto imekufurahisha, umushukuru Mungu, na umwelezee tu mtu anayekupenda ao mwenye elimu.

Kama imekuhuzunisha, mafundisho ya Mtume ni haya: utemee upande wa kushoto mara tatu, mate kidogo tu kama kupuliza, umuombe Mungu akukinge na shetani, ugeukie ubavu mwingine. Ukiweza, uamke uswali. Na usiielezee mtu yeyote. Ukifanya hivyo, ndoto hiyo haitakudhuru.

Mama aliyelota bangili, afurahi bila kuanza kununua nguo za harusi. Baba aliyelota kipande cha zahabu, asilie kama aliyeibiwa. Ahesabu madeni yake, aangalie swala zake, atoe sadaka kama anaweza, halafu aende kazini. Na kama feza ya jamaa iko mfukoni kwa ajili ya shimo, airudishe kwanza mezani, mama na wakubwa wa nyumba waongee juu yake wote wakiwa macho.