Divai ya Mgeni

Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulitembelewa na wageni watatu kutoka Ulaya. Mtunza stoo wetu, Mgogo, alikuwa ameniletea chupa mbili za divai ya Dodoma, kwao ambako baba yake alilima zabibu. Nilizificha kabatini, nikatuma mtu mjini anunue divai ya Ufaransa kwa bei ya kuumiza. Kumbe chupa ile ilikuwa imesimama dukani, juani, kwa miezi mingi. Wageni walionja mara moja, wakaweka glasi chini kwa adabu, wakaomba maji. Aliyekuwa akihudumu mezani ni yule yule mtunza stoo. Hakusema neno, nami sikuthubutu kumtazama.

Tangu siku ile nimejiuliza: ni nani aliyetufundisha kwamba divai njema ni ile yenye jina na bei kubwa?

Mwaka 1855 Ufaransa ya Napoleon III iliandaa maonyesho makubwa mjini Paris. Madalali wa Bordeaux wakatakiwa kuzipanga divai za kwao. Nyekundu walizigawa katika madaraja matano, na kipimo chao kikuu kilikuwa bei ya sokoni. Mpango huo ungali unaheshimiwa hadi leo. Mouton Rothschild, iliyowekwa daraja la pili, ilingoja hadi 1973 ndipo ikapandishwa daraja la kwanza.

Kisha, tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza Steven Spurrier, mwenye duka la divai Paris, aliwaita waonjaji mashuhuri tisa, wote Wafaransa. Aliwapa divai za Ufaransa na za California bila kuwaonyesha lebo. Kwa nyeupe na kwa nyekundu, zilizoongoza zilikuwa za California: Chateau Montelena na Stag's Leap. Mouton ile ile ikawa ya pili.

Sisi walimu siri hiyo tunaijua. Ndiyo maana karatasi ya mtihani wa taifa huandikwa namba badala ya jina, msahihishaji asije akamtunuku mtoto wa mkubwa maksi asizostahili.

Mizabibu ya Dodoma ilianzia kwa wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950. Katika nchi ile kame yenye jua kali, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilhali Ulaya ni mara moja tu. Sisemi kila chupa ya huko ni njema. Nyingine ni tamu kupita kiasi. Nasema ionjwe kwanza, ndipo ihukumiwe.

Siku hizi, kabla ya kualika wageni, huuliza nani hanywi, nikamwandalia maji ya matunda kwa heshima ile ile. Hununua chupa mapema kwa muuzaji anayezilaza mahali pa baridi, nikafungua moja na kuionja mwenyewe. Mezani huzifunika lebo kwa kitambaa. Wageni wakishasema yao, ndipo hufunua.

Yule mtunza stoo nilimwomba radhi siku tuliyomuaga alipostaafu. Aliniuliza jambo moja tu: "Lakini Mwalimu, zile chupa ulizinywa?"

Nilikuwa sijazifungua.