Shikamoo Jazz: Bendi Iliyojiita kwa Salamu

Miaka michache kabla sijastaafu, nikifundisha adabu za mazungumzo kwa walimu wanafunzi hapa Kibaha, kijana mmoja mzaliwa wa Kisarawe alininyoshea mkono. "Mwalimu, ikiwa wale wa Shikamoo Jazz walikuwa wazee, mbona hawakujiita Marahaba Jazz?" Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, kisha nikamwahidi jibu kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikafundisha viambishi.

Swali lile halikuniacha. Shikamoo Jazz iliundwa Dar es Salaam mwaka 1993, kwa msaada wa HelpAge International, shirika linaloshughulika na ustawi wa wazee. Waliokusanywa walikuwa wanamuziki wa dansi wa miaka ya hamsini na sitini, kila mmoja akitoka katika bendi iliyokwisha kufa au iliyokwisha kumsahau. Miongoni mwao alikuwamo Salum Zahoro, aliyeipa Tabora jina kupitia Kiko Kids, pamoja na mwimbaji Bi Mariam Nylon. Mwaka 1995 ilitoka albamu yao Chela Chela, na mwaka huohuo walifanya ziara Uingereza wakiwa na Bi Kidude wa Unguja. Watu walioanza kupiga muziki kabla ya Uhuru wakawa bendi mpya wakiwa na mvi.

Msomaji kijana atauliza: kwa nini mpiga gitaa mashuhuri angoje shirika la wazee limpe gitaa? Jibu limo katika namna muziki wetu ulivyoendeshwa. Vyombo havikuwa mali ya mwanamuziki. Vilikuwa vya klabu, kama zile za Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, na baadaye vya vyama, majeshi na mashirika ya umma: NUTA, Polisi, JKT, Vijana, Bima. Mpigaji aliajiriwa kama karani, na alipoondoka aliacha gitaa ukutani kama karani anavyoacha mashine ya chapa mezani. Nyimbo zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam. Kanda zikabaki kwenye rafu za redio, naye akabaki na sifa. Santuri zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikazibika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyoleta COSOTA, ilitungwa mwaka 1999. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kuzeeka.

Heshima ya maneno, lakini, hawakuikosa. Waliitwa "mzee", waliitwa "mkongwe", waliamkiwa kila kona ya Kariakoo. Na nyimbo zao zilipewa jina ambalo nimekuwa nikiligombeza kwa miaka mingi: zilipendwa. Tazameni kile kiambishi -li-. Hakusemi zinapendwa, wala zimependwa, hali ambayo ingeacha mlango wazi hadi leo. Kinasema zilipendwa, na jambo limefungwa. Mtu yuko hai, sauti anayo, vidole anavyo, ila njeo ya kitenzi imekwisha kumzika. Najua wanaolitumia neno hilo hulitumia kwa mapenzi. Sarufi haina mapenzi.

Sasa turudi kwenye jina. Wengi hulifasili neno shikamoo kuwa ufupisho wa "nashika miguu yako", na wapo wanaolikataa kwa kudai kwamba lina harufu ya utumwa. Sitaki kuingia katika ugomvi huo. Linalonihusu ni kwamba salamu hii ina upande mmoja tu. Habari gani yaweza kutoka kwa yeyote kwenda kwa yeyote. Shikamoo hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na marahaba hushuka. Mzee hajiamkii. Hapo ndipo kijana wangu wa Kisarawe alipokuwa na hoja: hawa wazee walijiita kwa neno ambalo si lao kulitamka.

Lakini jina la bendi halitamkwi sana na wenye bendi. Hutamkwa na mtangazaji wa redio, na mbandika matangazo, na shabiki anayemweleza mwenzake anakokwenda Jumamosi. Kila aliyelitaja alikuwa ameamkia, apende asipende. Na kitenzi chenyewe, kuamkia, kimezaliwa na kuamka. Sijui kama aliyelibuni jina alilipigia hesabu yote hayo. Mshairi aghalabu hupata kuliko alichokusudia.

Linganisheni na hayati King Kiki, mzaliwa wa Lubumbashi, mwimbaji wa Kitambaa Cheupe, ambaye uzeeni bendi yake La Capital ilijulikana kwa jina la Wazee Sugu. Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama ile ya kipaji cha msujudu. Jina hilo haliombi adabu ya mtu, linatamba. Majina mawili ya wazee, na tabia mbili.

Wenzetu wa Kisarawe wana haki ya kuliingilia jambo hili kwa mlango wao. DDC Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978 ilichukua mtindo wake, Sikinde, kutoka ngoma ya Wazaramo, na hata maneno "ngoma ya ukae" yana Kizaramo ndani yake: ngoma ya nyumbani. Basi dansi la mjini lilikuwa likichota majina kwa wazee wa vijijini, kwenye vilima vile vilivyo nyuma ya Pugu, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria kuwakusanya wazee wa mjini wenyewe.

Nje ya kwetu kisa hiki kinajulikana zaidi kwa jina la Buena Vista Social Club, wazee wa Havana waliorekodi mwaka 1996 na kutikisa dunia mwaka uliofuata. Sisi tuliokua tukisikia santuri za Kuba, tukawa na Cuban Marimba yetu Morogoro, tulitangulia kwa mwaka mmoja, na dunia haikutikisika. Na karibuni zaidi, kule Zambia, Emmanuel Chanda wa bendi ya WITCH, aliyepiga roki ya magitaa ya kukoroma na kuzungusha kichwa miaka ya sabini, kisha akawa mwalimu wa muziki na mchimba vito, alirudi na wapigaji wapya, wengine kutoka Ulaya, na mwaka 2023 ikatoka albamu yao Zango. Yeye huitwa Jagari. Ni Jagger wa Rolling Stones huyo, aliyepewa irabu za Kibantu ili aweze kukaa mdomoni. Wapenzi wa lugha, hilo nalo ni la kuchekwa kwa furaha.

Wengi wa wale wa mwanzo wa Shikamoo Jazz wamekwisha kututoka, na Bi Kidude alifariki Aprili 2013. Majina yao leo hutanguliwa na marehemu. Sikio linaweza kudhani marahaba na marehemu ni ndugu. Sivyo: la kwanza linatokana na mzizi wa Kiarabu wa ukunjufu na kukaribisha, la pili na ule wa rehema. Ila matangazo ya redio yamefanya kazi ya kuyasogeza.

Kijana wangu sasa ni mwalimu huko Kisarawe. Kila sikukuu huniletea ujumbe kwenye simu, na huanza na herufi nne zisizo na irabu hata moja: "Shkm mwl." Mara ya mwisho aliongeza kwamba bado ananidai jibu lake.