Kifaru Mweupe wa West Nile

Kifaru mweupe wa kaskazini, kwa upande wa Uganda, aliishi magharibi ya mto Nile tu, katika nchi ya Koboko, Arua na Madi. Mto ulimzuia kuenea mashariki.

Wataalamu wa Ulaya walimtambua mwaka 1908, Richard Lydekker alipompa jina la Powell-Cotton, msafiri aliyepeleka kielelezo kutoka Lado. Eneo la Lado, Koboko ikiwemo, lilikuwa bado chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Sehemu yake ya kusini iliingizwa Uganda mwaka 1914. Mapema mwaka 1910 Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipiga kambi ukingoni mwa Nile na mwanawe Kermit, wakaua vifaru tisa. Ilisemwa ni kwa ajili ya makumbusho, lakini tisa ni wengi. Mahali hapo hadi leo panaitwa Rhino Camp, yaani Kambi ya Kifaru, na sasa pana makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini.

Hata hivyo, waliommaliza walikuja baadaye. Jike hubeba mimba miezi 16 na kuzaa ndama mmoja, hivyo kundi likishapungua huchukua miaka mingi kujaa tena. Mwaka 1961 na 1964 baadhi yao walivushwa Nile hadi mbuga ya Murchison Falls ili wanusurike, na Ajai, magharibi ya Nile, ikatengwa kuwa hifadhi. Lakini katika miaka ya 1970 bunduki zilienea, na pembe zikatafutwa kwa mipini ya majambia ya Yemen na kwa dawa za Asia. Idi Amin, ambaye ukoo wake unatoka Koboko, alipopinduliwa mwaka 1979, ulinzi wa mbuga ulivunjika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uganda haikuwa na kifaru mweupe tena.

Ng'ambo ya mpaka, Garamba nchini Congo ilibaki na kama 15 mwaka 1984. Waliongezeka hadi 30 hivi, kisha majangili wakawamaliza pia. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018, akiwaacha bintiye Najin na mjukuu wake Fatu. Vifaru wanaofugwa nchini Uganda katika hifadhi ya Ziwa, Nakasongola, tangu 2005 ni wa jamii ya kusini.