Swali la Omukama Rumanyika

Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe wakiwa safarini kutafuta chanzo cha mto Nile. Omukama Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu mkubwa, na Speke hakuuficha ukarimu huo katika kitabu cha safari yake kilichotolewa mwaka 1863. Wasomaji wengi wa kitabu hicho hukumbuka habari za wanawake wa ikulu walioneneshwa kwa maziwa, maana Speke alizieleza kwa kirefu mno, hata akapima unene kwa futi na inchi. Mimi nimevutwa zaidi na kifungu kifupi ambacho wengi hukiruka. Rumanyika alimwuliza mgeni wake kama jua lililochomoza leo ni lile lile la jana, au kila siku huja jua jipya. Tena akataka kujua kama mwezi hubadili sura ili kutucheka sisi wanadamu.

Speke aliliandika swali hilo kama kichekesho cha safarini. Mtu aliyepata kusimama mbele ya darasa hawezi kulicheka. Zaidi ya miaka 2,300 kabla ya Rumanyika, Mgiriki mmoja aitwaye Xenophanes alifundisha kwamba jua hutengenezeka upya kila siku, na wasomi wa Ulaya wamemwekea heshima yake mpaka leo. Xenophanes huyo huyo aliwadhihaki watu waliojiumbia miungu yenye sura kama zao.

Jibu tulilo nalo siku hizi lingemfurahisha Omukama, kwa kuwa limesimama katikati ya yale mawili aliyoyataja. Jua ni lile lile, na umri wake ni miaka bilioni 4.6 hivi. Lakini kila sekunde hupoteza zaidi ya tani milioni 4, ambazo hugeuka kuwa mwanga na joto. Kwa hiyo jua la leo limepungukiwa tani bilioni 350 hivi kuliko lile la jana. Upungufu huo kwa jua ni kama kuchota kikombe kimoja kikubwa cha chai katika Ziwa Victoria.

Kuna jambo jingine katika mazungumzo yale. Speke alimwuliza mwenyeji wake kwa nini huchinja ng'ombe kila mwaka kwenye kaburi la baba yake. Rumanyika akacheka, akasema hajui, ila anatumaini kwamba akifanya hivyo huenda mazao yakawa mema. Kwa sababu hiyo hiyo aliweka pombe na nafaka mbele ya jiwe kubwa mlimani, akijua vema kwamba jiwe halili. Na ndiye huyo aliyesimulia kwamba, alipogombea kiti na ndugu zake, aliketishwa mahali fulani, ardhi ikainuka naye mpaka mawinguni, kisha ikamshusha polepole. Mtu mmoja, kichwa kimoja: anasimulia muujiza wake bila kupepesa macho, na anacheka akiulizwa sababu ya sadaka. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kwamba shaka ililetwa kwetu na meli za Wazungu. Wazee wetu walimtaja Ruhanga, na jina lenyewe latokana na kuhanga, yaani kuumba. Lakini ibada zao zilielekezwa zaidi kwa Wamara, Kazoba, Mugasha na Irungu. Habari ya mwanzo wa vitu vyote waliiacha mbali kidogo, na mwenye kuuliza aliuliza.

Speke kwa upande wake alikuwa na maelezo yake ya mwanzo, aliyoyachota katika Biblia. Alimweleza Rumanyika kwamba watawala wa nchi hizi ni uzao wa wageni waliotoka Uhabeshi, watu wa damu tofauti na wale waliowatawala. Nadharia hiyo ya Wahamiti haikupimwa kwa kitu chochote, ikaingia katika vitabu vya shule vya wakoloni, na huko Rwanda ikawa sumu. Mwaka 1994 sisi wa mkoa wa Kagera tuliwaona waliovuka mto wakikimbia matunda yake. Nayataja haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba mjadala wa asili ni mazungumzo ya watu walioshiba.

Sasa niwageukie wakanamungu, ambao husemwa sana katika mahubiri ya huku kwetu na kusomwa kidogo. Mimi ni Mkristo tangu kubatizwa, na sikusudii kumgeuza mtu. Lakini nimechoka kusikia kwamba wakanamungu wanasema ulimwengu ulilipuka kama bomu na sisi tukatokea, basi. Historia haiko hivyo.

Nadharia iitwayo Mlipuko Mkuu haikutungwa na mkanamungu. Aliyeitoa ni padri wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji, Georges Lemaître. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba vitu vyote vilianzia katika kitu kimoja kidogo mno, kama chembe ya kwanza. Aliyeipinga kwa ukali alikuwa Mwingereza Fred Hoyle, mtu asiyeamini Mungu. Mwaka 1948 yeye, Hermann Bondi na Thomas Gold walitoa nadharia yao kwamba ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho. Kadiri unavyotanuka, mata mpya hujitokeza kidogo kidogo kujaza nafasi. Hata jina la Mlipuko Mkuu lilitoka kinywani mwa Hoyle, katika matangazo ya redio ya BBC mwaka 1949, alipokuwa akieleza nadharia asiyoipenda.

Mtu mwenye haki ataona kilichokuwa kikimsumbua Hoyle. Mwanzo wa ulimwengu ulinukia uvumba kwake. Na kweli, mwezi Novemba 1951 Papa Pius XII alihutubia akisema kwamba sayansi mpya inashuhudia tendo la uumbaji. Aliyekosa raha kwa hotuba hiyo alikuwa Lemaître mwenyewe, ambaye hakutaka hesabu zake zigeuzwe kuwa katekisimu. Kwake nadharia yake ilimwachia asiyeamini nafasi ya kutoamini, na aamiye nafasi ya kuamini. Padri anailinda sayansi dhidi ya Papa, na mkanamungu anaukimbia mwanzo: ningependa kila mwalimu wa dini alijue jambo hili kabla ya kupanda mimbarini.

Mambo yaliamuliwa kwa vipimo. Mwaka 1964 Wamarekani Arno Penzias na Robert Wilson walinasa kwa antena yao mnong'ono usiokoma kutoka kila upande wa anga. Walidhani ni kinyesi cha njiwa waliojenga kiota ndani ya chombo, wakakisafisha, mnong'ono ukabaki. Mwaka 1965 ikatangazwa kwamba ni masalia ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga. Lemaître aliipata habari hiyo kabla ya kufa mwaka 1966. Vipimo vya satelaiti vilivyotangazwa mwaka 2013 vimeuweka umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8 hivi.

Baada ya hapo wakanamungu walibaki na majibu gani? Wako wanaomfuata Bertrand Russell. Huyu alijadiliana na padri Copleston katika redio ya BBC mwaka 1948, akashikilia kwamba ulimwengu upo tu, na kuuliza sababu ya jumla yake ni kuuliza swali lisilo na mahali pa kusimama. Ukisema kila kitu lazima kiwe na aliyekifanya, utaulizwa aliyemfanya huyo. Ukisema huyo hahitaji, utaulizwa kwa nini basi ulimwengu wenyewe usiwe ndio usiohitaji. Nimeligeuza hoja hili miaka mingi na sijapata njia rahisi ya kulipangua. Imani yangu haikai juu ya hoja hiyo, ndiyo sababu halinitishi.

Wengine wanamfuata Stephen Hawking, ambaye katika kitabu cha mwaka 2010 alidai kwamba kwa kuwa kuna sheria ya mvutano, ulimwengu waweza kujitokeza wenyewe pasipo chochote. Hapa mimi nasita. Sheria ya mvutano nayo ni kitu. Mtu akisema amepika ndizi bila chochote, halafu ukamkuta na sufuria, moto na maji, una haki ya kumwuliza maana ya neno hilo. Wako na wanafalsafa wasioamini waliomkosoa vivyo hivyo. Na kuna kundi la tatu, ambalo naliheshimu kuliko yote: wanaosema kwamba nyuma ya mwanzo ule hatujui, na kutojua si sababu ya kujaza pengo kwa jina lolote.

Kuhusu dunia yenyewe, tofauti na ulimwengu wote, hatuna haja ya kwenda mbali. Vilima vya Ihembe na vya Karagwe nzima ni miamba ya tabaka, mchanga na tope vilivyotulia chini ya maji, vikagandamizwa na kupikwa vikawa mawe. Wanajiolojia duniani kote huiita miamba ya Karagwe-Ankole, na umri wake ni kati ya miaka bilioni 1 na bilioni 1.4 hivi. Bati lililochimbwa Kyerwa lilikuja na matale yaliyopenya katika miamba hiyo yapata miaka bilioni 1 iliyopita. Usitafute humo mfupa wala kombe la konokono. Wanyama walikuwa hawajawako duniani. Mtoto anayechunga mbuzi juu ya kilima amekanyaga kitu kikongwe kuliko mnyama yeyote.

Umri huo ulisomwaje? Madini ya urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika, kama maji yanayodondoka katika chungu; ukijua mwendo na ukapima kilichodondoka, utajua muda. Aliyeikuza elimu hiyo ni Mwingereza Arthur Holmes. Mwaka 1911 alikuwa jirani yetu Msumbiji akitafuta madini, akaugua malaria karibu afe. Alipona, na mwaka 1913 akatoa kitabu juu ya umri wa dunia. Mwaka 1956 Mmarekani Clair Patterson akapima risasi ya vimondo na kupata miaka bilioni 4.55, hesabu ambayo haijaondoka mahali pake. Sisi nasi tunacho kimondo cha chuma pale Mbozi, chenye tani 16 hivi. Si hicho alichopima yeye, lakini ni wa ukoo huo. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walitegemea Askofu Mkuu James Ussher, ambaye mwaka 1650 alijumlisha vizazi vya Biblia na kupata kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 K.K. Ussher hakuwa mjinga. Alitumia ushahidi aliokuwa nao.

Katika shule nilizoziongoza, kipindi cha Dini na kipindi cha Historia viliweza kufuatana asubuhi moja. Katika kipindi cha kwanza dunia ilimalizika kwa siku sita. Katika cha pili palikuwa na Olduvai, na fuvu alilolipata Mary Leakey mwezi Julai 1959, na zama za mawe zisizohesabika. Watoto waliandika yote mawili kwa mwandiko mzuri. Siku moja mzazi alinijia ofisini na Biblia mkononi, akidai mwalimu mmoja kijana aondolewe kwa kuwafundisha watoto ukanamungu. Nilimfunulia muhtasari wa Wizara, akasoma mwenyewe. Kisha nikamwambia kwamba mwalimu anayemlalamikia ndiye anayeimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa lao. Aliondoka hakuridhika, na yule kijana akafundisha mada ile tangu siku hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayepitisha magendo. Hilo ndilo lililoniuma.

Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa ibada za kila siku, aliandika katika utangulizi wa Uhuru na Ujamaa mwaka 1968 kwamba mtu hahitaji kwanza kuamua kama kuna Mungu mmoja, wengi, au hakuna, ndipo awe mjamaa. Ibara ya 19 ya Katiba yetu nayo inalinda uhuru wa mtu katika mambo ya imani. Huko Kenya mambo yalijaribiwa hadharani. Mwaka 2006 viongozi wa makanisa waliitaka Makumbusho ya Nairobi iyafiche mabaki ya kijana wa Turkana, mifupa ya miaka milioni 1.5 hivi iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Richard Leakey, asiyeficha kutoamini kwake, aliwajibu kwa ukali, na mifupa haikufichwa. Mwaka 2016 chama cha wasioamini kikaandikishwa huko huko Kenya, kisha usajili wake ukasimamishwa kwa hoja ya kulinda amani. Nijuavyo mimi, hakuna aliyewahi kuvunja amani kwa kueleza umri wa mawe.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, wanachuo waliniuliza wamjibuje mtoto atakayesema, "Na kabla ya hapo kulikuwa na nini?" Niliwaambia waandike ubaoni jibu la waumini, jibu la Hoyle na jibu la Russell, kila moja na mwaka wake, na chini yake waandike: hatujui. Mmoja akauliza itakuwaje mkaguzi akiingia na kulikuta neno hilo ubaoni. Darasa likacheka. Nikamwambia asilifute, ampe mkaguzi chaki.